Salio linasema nina pauni 212, kumbe nadaiwa 288: nimevuka mpaka wa ovadrafti, naombeni ushauri

MTOA MADA (Leicester)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nikieleza nusu nitapewa ushauri nusu.

Mimi Mtanzania, nipo Leicester mwaka wa nne sasa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mara nyingi shifti za usiku. Mshahara unaingia tarehe 28, na baada ya kodi napata kama pauni 1,690. Miaka miwili iliyopita programu ya benki ilinitolea ujumbe kwamba nimekubaliwa ovadrafti ya pauni 500. Nikabonyeza mara mbili, basi. Hakuna karatasi wala mdhamini. Kwa asiyeijua, ovadrafti ni ruhusa ya kutoa kwenye akaunti zaidi ya ulichonacho, hadi kiwango mlichokubaliana na benki. Salio linashuka chini ya sifuri, na kila siku unayokaa huko riba inahesabiwa.

Mwanzoni niliitumia mara moja kwa miezi miwili mitatu. Mwaka huu sikumbuki lini mara ya mwisho nilifika tarehe 20 nikiwa juu ya sifuri. Mshahara ukiingia unaziba shimo kwanza, halafu naanza kuchimba upya.

Sasa yaliyonikuta. Makato yangu mawili makubwa, mkopo wa gari pauni 164 na bima ya gari pauni 118, yote hutoka tarehe 10 kwa dairekti debiti, yaani kampuni inajichukulia yenyewe benki. Mwezi huu tarehe 10 iliangukia Jumapili. Jioni ile nikafungua programu, nikaona "zilizopo: pauni 212". Nikajua makato yameshapita. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimepigiwa simu kutoka Tanga, mjomba amefariki. Nikatuma pauni 150, karibu laki tano za nyumbani, nikaenda kazini.

Jumatatu saa moja na dakika kumi asubuhi nimetoka shifti, nimekaa ndani ya gari nasubiri barafu iyeyuke kwenye kioo. Simu ikalia mara mbili mfululizo. Ujumbe wa kwanza: umevuka kiwango chako cha ovadrafti. Wa pili: hakuna fedha za kutosha kulipa bima, weka fedha kabla ya saa nane na nusu mchana tutajaribu tena.

Kumbe makato hayatoki wikendi, yanasubiri siku ya kazi. Na zile 212 hazikuwa zangu hata moja. Nilikuwa nadaiwa 288, na benki ilikuwa inanionyesha kilichobaki kwenye ile 500 yao. Nilipotuma 150 deni likafika 438. Mkopo wa gari ukapita ukanipeleka 602, yaani pauni 102 nje ya mpaka. Bima ikakataliwa. Nilimpigia rafiki mmoja, hakupokea. Mwingine alikuwa hana. Nikaenda nyumbani nikalala kwa sababu usiku narudi kazini, na saa nane na nusu ikapita nikiwa usingizini.

Naomba msaada wa mambo mawili. Nifanye nini wiki hii, na nitatokaje kwenye huu mzunguko? Matumizi yangu ya mwezi haya hapa, sijaficha kitu: chumba 520, mkopo wa gari 164, bima 118, simu 32, mafuta 110, chakula 200, nyumbani kwa mama 250, upatu 100. Jumla 1,494. Kwa karatasi nabaki na 196. Kwenye akaunti sizioni.

MKAAZI WA COVENTRY

Mdogo wangu, pole kwa msiba, na pole kwa hayo mengine. Kabla sijasema lolote: bima imelipwa au bado? Kama bado, weka simu hii pembeni uwapigie sasa hivi. Ukikutwa unaendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi sita za adhabu kwenye leseni, na polisi wana haki ya kuondoka na gari. Kama leseni yako ya huku haijatimiza miaka miwili, hizo pointi sita peke yake zinaifuta. Bila gari shifti za usiku utazifikiaje? Ovadrafti inaweza kungoja mpaka kesho.

MTOA MADA (Leicester)

Nimewapigia, mkuu. Wamesema bima haijafutwa, wananipa siku saba na faini ya pauni 20. Dada mmoja Mghana tunayefanya naye shifti kanikopesha 138 mpaka tarehe 28, nimelipa kwa kadi yake pale pale kwenye simu. Sikulala hata hivyo.

MKAAZI WA COVENTRY

Vizuri sana. Sasa wapigie na benki, usingoje wakuandikie. Waambie umevuka kwa sababu gani na utarudi chini ya mpaka tarehe ngapi. Mtu anayepiga mwenyewe anasikilizwa tofauti na anayetafutwa.

ALIYEKUWA BENKI (Birmingham)

Nilifanya kazi benki hapa miaka saba, kaunta kwanza kisha upande wa simu. Watu wenye hadithi kama yako niliwapokea kila siku, na wengi walikuwa watu wa shifti, wauguzi, madereva. Nieleze kwa urefu maana wapo watakaosoma bila kuuliza.

Ungevuka mpaka kabla ya 2020 ungeumia vibaya. Benki zilikuwa na ada za siku, nyingine pauni 5 kwa kila siku unayokuwa nje ya mpaka, hata kama umevuka kwa pauni kumi. Mamlaka ya fedha ya Uingereza, FCA, ilipochunguza ikakuta kuvuka mpaka kunaweza kumgharimu mtu mara kumi ya mikopo ile ya haraka inayosubiri mshahara, na zaidi ya nusu ya ada hizo zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja. Yaani watu wale wale, mwezi hadi mwezi. Tangu Aprili 2020 ada za siku na za mwezi zimepigwa marufuku. Benki inatoza riba moja tu ya mwaka, na hairuhusiwi kukutoza zaidi ukiwa nje ya mpaka kuliko ukiwa ndani. Benki nyingi kubwa ziliishia kwenye asilimia 39 au 40.

Sasa tupige hesabu yako. Ukikaa chini ya sifuri kwa pauni 300, kwa asilimia 39.9, riba ni kama peni 28 kwa siku. Mwezi mzima pauni 8 na kitu. Kwa hiyo usijidanganye kwamba riba ndiyo inayokumaliza. Pauni 8 haikufanyi ukose bima.

Kinachokumaliza ni ile namba uliyoisoma Jumapili. Programu nyingi zina salio mbili. Moja ni salio lenyewe, na ukiwa na deni lina alama ya kutoa mbele yake. Nyingine ni "zilizopo", na mara nyingi hapo wanajumlisha na ovadrafti. Hiyo ya pili ndiyo huwekwa juu kwa maandishi makubwa. Ingia kwenye mipangilio. Programu nyingine zinakuruhusu kuitoa ovadrafti kwenye hesabu hiyo. Fanya leo.

Halafu mambo manne, kwa mpangilio ninaouona mimi.

Hamisha tarehe. Mshahara ni 28 na makato yako makubwa ni 10. Hizo siku kumi na mbili katikati fedha ya bima inakaa kwenye akaunti ikifanana na fedha ya matumizi. Kampuni ya bima na ya mkopo zikiombwa, mara nyingi hukubali kuhamisha dairekti debiti. Waombe tarehe 1 au 2.

Fungua akaunti ya pili ya bili tu, isiyo na ovadrafti na ambayo kadi yake hutembei nayo. Siku ya mshahara, agizo la kudumu linahamisha jumla ya makato yote huko. Kinachobaki kwenye akaunti ya kwanza ndicho unachoishi nacho.

Usiifute ovadrafti kwa mkupuo. Nimeona watu wakiondoa pauni 500 kwa siku moja, mwezi unaofuata kitu kinaharibika, wanarudi kwenye mikopo mibaya zaidi. Iteremshe. Pauni 25 au 50 kila mwezi, na mpaka wenyewe ushuke pamoja na deni.

La nne, kwa yeyote ambaye hali yake imepita hapo, yaani ana kadi tatu, mikopo na barua za wadai: StepChange, National Debtline na Citizens Advice wanatoa ushauri wa madeni bure kabisa. Kupitia mshauri wa namna hiyo, England na Wales kuna utaratibu unaoitwa Breathing Space, ulioanza Mei 2021, unaosimamisha riba na usumbufu wa wadai wengi kwa siku 60. Na kwa wale ambao viza zao zinasema hakuna misaada ya serikali: kupata ushauri wa madeni si msaada unaokatazwa. Nimewaona Waafrika wenzetu wakiogopa kupiga simu kwa sababu hiyo tu.

DADA WA MVITA

Nipo Mombasa, sina akaunti ya Uingereza, lakini hii hadithi naijua mpaka mwisho wake. Huku kwetu tangu Januari 2019 tuna Fuliza ya M-Pesa. Ukilipa kitu na salio halitoshi, inakujazia, na fedha yoyote ikiingia baadaye inajikata yenyewe kwanza. Angalia hata hilo neno. Kufuliza ni kwenda moja kwa moja bila kukoma. Mvua ikifuliza siku tatu, watu hawatoki.

Mimi nauza viazi karai na bajia jioni. Nilikuwa nanunua unga na mafuta kwa Fuliza asubuhi, jioni wateja wakilipa kwa simu, fedha inaliwa kabla sijaiona. Nikilala sina kitu, na asubuhi nafuliza tena. Miezi mitano. Faida ilikuwepo, mimi ndiye sikuwahi kuishika. Nilitoka nilipoanza kuwaambia wateja wa jioni walipe taslimu siku mbili kwa wiki, ile fedha naifunga kwenye leso, na ndiyo inayonunua unga wa kesho. Wiki ya tatu sikuhitaji kujaziwa tena. Kaka, mshahara wako unafanywa hivyo hivyo. Unaingia ukiwa umeshaliwa.

KIJANA WA READING

Naona wote mnazunguka. Tatizo ni fedha za nyumbani. 250 kwa mama sawa, lakini hizo 196 zinazopotea ziko wapi kama si michango? Nilikuwa kwenye makundi manne ya harusi ya WhatsApp mwaka jana. Nikajitoa yote. Mtu huwezi kukosa bima kwa sababu ya msiba.

MTOA MADA (Leicester)

Ndugu yangu, nimekaa na taarifa ya benki ya miezi mitatu, kalamu mkononi, nimepigia mstari kila ulichosema. Uko sahihi kwenye hesabu. Nje ya zile 250 nimetuma pauni 640 kwa miezi mitatu. Harusi mbili, kipaimara cha mtoto wa binamu, ada ya chuo ya mdogo wangu iliyopungua, bati za mama zilizopeperuka, na sasa msiba. Ukiacha msiba, nyingi zilikwenda kidogo kidogo. 40, 60, 35, 75. Ukigawa ni 213 kwa mwezi. Zile 196 zangu zote, na 17 za benki juu yake.

Lakini kwenye msiba sikubaliani na wewe. Huyu mjomba ndiye aliyenilipia nauli kutoka Tanga kwenda Dar nilipokwenda kwenye usaili wa viza. Nauli ya basi na hela ya kula njiani, alizitoa kwenye mfuko wa shati, noti zimekunjwa kunjwa. Nisingeweza kutotuma. Ninachotaka kujua ni namna ya kutuma bila kuvunjika.

MPOKEAJI WA MUHEZA

Nimesoma kimya tangu juzi, leo niseme, kwa sababu mimi niko upande wa pili wa simu. Kaka yangu yuko huko huko Uingereza, mji mwingine. Mimi ndiye ninayempigia.

Miaka mitatu nilikuwa nampigia nikiamini kwamba anatoa kwenye ziada. Hakuwahi kusema hapana, na hakuwahi kusema sina. Angesema "ngoja jioni", na jioni fedha inaingia. Kumbe jioni alikuwa anakopa. Tulijua siku aliyopiga yeye, saa nane za usiku, akaongea na mama akilia. Mama aliniuliza: "Kwa hiyo zile za bati alikopa?" Akanyamaza. Tangu siku hiyo mama haruhusu mtu yeyote kumpigia kaka kuhusu mchango kabla hajaambiwa yeye.

Tulichofanya ni hiki, na nakuomba ukijaribu. Kaka anatuma kiasi kile kile cha mama, na juu yake pauni 40 kila mwezi, haziongezeki hata nyumba ikiungua. Hizo 40 hazitumiki. Zinaingia kwenye mfuko wa familia pamoja na elfu kumi kumi za sisi tuliobaki huku, ndugu watano. Dada mkubwa ana daftari. Ukitokea msiba, mfuko unatoa, na jina linaloandikwa kwenye mchango ni la familia yote. Ikija harusi, mfuko unatoa kiwango kimoja kwa wote. Mwaka wa kwanza tulizika watu wawili, tukanunua sanduku, tukakodi turubai na viti, na kaka hakupigiwa simu ya fedha hata mara moja. Alipigiwa kuambiwa msiba, akaomboleza kama mtu mwingine yeyote.

Kaka Leicester, waambie nyumbani namba yako. Siyo mshahara, hiyo 1,690 itawatisha kwa upande mwingine. Waambie ile 602 ya deni. Hatujui. Kweli kabisa hatujui.

KIJANA WA READING

Dada umenifunza kitu. Nilijitoa kwenye makundi, sikuwaeleza hata mmoja kwa nini. Wanadhani nimekuwa na kiburi.

MWALIMU WA MBEYA

Niongezee la huku Tanzania kwa wafanyakazi wenzangu, maana ovadrafti ya kwetu inaitwa mkopo wa kuwahi mshahara na inakuja kwa simu. Utumishi tuna kinga moja: makato yote hayatakiwi kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara. Wenzetu wa Kenya nao sheria yao ya ajira ya 2007 inazuia makato kupita theluthi mbili. Kinga hiyo ni nzuri, ila inahesabu makato yanayopita kwenye hati ya mshahara tu. Ukishafika ukingoni benki ikakukatalia, ndipo watu wanapokimbilia kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kali, na wale hawapiti kwenye hati ya mtu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zisizo na leseni. Nilisoma ile orodha staff room, na walimu wanne walikuwa na angalau moja kwenye simu. Mmoja alikuwa amewekewa picha yake kwenye simu za wazazi wa wanafunzi wake, eti tapeli. Kwa shilingi elfu themanini.

Mimi binafsi natumia bahasha, siku ya mshahara natoa taslimu ya chakula na nauli ya wiki nne, bahasha nne. Bahasha ya wiki ya pili siifungui Jumamosi ya wiki ya kwanza hata watoto walie. Najua Ulaya watu hawatembei na noti, lakini nasikia benki za huko zina vijibahasha ndani ya programu.

ALIYEKUWA BENKI (Birmingham)

Vipo, mwalimu. Unagawa salio kwenye vifungu, na fedha iliyo kwenye kifungu haionekani kwenye namba ya juu.

Mtoa mada, nimerudi kusoma orodha yako nikaona kitu tulichokiruka wote. Upatu. Mnacheza watu wangapi, na zamu yako lini?

MTOA MADA (Leicester)

Tuko kumi, pauni 100 kila mmoja. Zamu yangu ni Machi. Nilipanga iwe nauli ya kwenda nyumbani.

ALIYEKUWA BENKI (Birmingham)

Basi una pauni 1,000 zisizo na riba zinazokusubiri Machi, na unalipa asilimia 40 kwa deni la 500 Novemba. Muombe kijumbe, yule msimamizi wa upatu, akubadilishie zamu na mtu wa Januari. Watu hukubali, hasa anayependa kupokea karibu na likizo. Ukipokea, lipa ovadrafti yote, na siku hiyo hiyo, kabla hujaenda kulala, teremsha mpaka wenyewe. Hapa nitabadilisha ushauri wangu wa mwanzo: kwa sababu utakuwa na akiba mkononi, teremsha mpaka huo hadi pauni 100 kwa mara moja, siyo 25 kwa 25. Deni likilipwa na mpaka ukabaki 500, miezi mitatu utakuwa umerudi palepale. Nimeliona hilo mara nyingi mno kunyamaza.

MKAAZI WA COVENTRY

Naunga mkono. Nauli ya nyumbani itakuja.

MGENI WA UZI

Samahani, naingilia. Mimi ni mwanafunzi Sheffield, na benki imenikatalia dairekti debiti ya simu mara mbili. Je, itaharibu rekodi yangu ya mikopo?

ALIYEKUWA BENKI (Birmingham)

Kukataliwa kwenyewe siyo kunakoandikwa, kinachoandikwa ni kama kampuni ya simu ikaripoti kwamba hukulipa. Walipe kwa njia nyingine kabla mwezi haujaisha. Ikishaandikwa inakaa miaka sita, na huko ndiko watakakoangalia ukitaka nyumba ya kupanga au mkopo. Na kama unaona ovadrafti inakushinda kabisa, benki kubwa za hapa zinalazimika kutoa akaunti ya msingi isiyo na ovadrafti. Huwezi kwenda chini ya sifuri kwa mpango wowote. Kwa mwanafunzi si jambo la aibu.

MTOA MADA (Leicester), mwezi wa pili

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi baadhi yenu kwa ujumbe wa faragha.

Benki niliwapigia wiki ile ile. Mama mmoja alinisikiliza dakika ishirini, akaangalia mapato na matumizi, akasimamisha riba ya mwezi mmoja. Sikuomba, alitoa yeye. Yule dada Mghana nilimrudishia 138 zake tarehe 28 kabla sijanunua hata mkate. Kampuni ya mkopo ilihamisha makato kwenda tarehe 1. Ya bima ilikataa mpaka mkataba uishe Mei, kwa hiyo 118 zao zinakaa kwenye akaunti ya bili kuanzia siku ya mshahara, na kadi ya akaunti hiyo nimeiacha kwenye droo chini ya soksi.

Zamu ya upatu nilibadilishana na mama wa Kizanzibari aliyetaka Machi kwa ajili ya Idi. Tarehe 4 Januari nilipokea 1,000. Deni lilikuwa 467. Nililipa nikiwa nimesimama jikoni, nikateremsha mpaka kutoka 500 hadi 100, programu ikauliza mara mbili kama nina uhakika. Zilizobaki, 533, ziko kwenye kifungu nilichokiita "gari na baridi". Betri ya gari ilikufa wiki iliyofuata, pauni 89. Ilitoka humo.

La nyumbani lilikuwa gumu kuliko benki. Nilimpigia mama Jumapili mchana, siyo usiku, nikamwambia namba. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama nakula. Kisha akawaita dada na kaka zangu wawili, simu ikiwa kwenye spika, nikawasomea ushauri wa dada wa Muheza neno kwa neno. Kaka mkubwa alipinga kwanza, akasema watu watasema familia imeanguka. Mama akamjibu kwamba watu hao hawajui hata kilo ya unga Leicester ni bei gani.

Daftari anashika dada. Mimi natuma 250 za mama na 40 za mfuko, tarehe 29, basi. Wiki jana mfuko umetoa mara ya kwanza: bati za mama, karatasi kumi na mbili, pamoja na misumari na fundi. Dada amenitumia picha ya risiti, na chini yake ameandika kilichobaki.